UZI: Chakula cha kambini kwenye tamasha la muziki (Kilifi, usiku tatu, watu wanne, bila friji)

Kikaango

Wakuu, Desemba inabisha hodi na maswali ni yale yale ya kila mwaka, basi tuyamalize hapa. Uzi huu ni wa wanaolala kwenye hema. Anayekwenda tamasha la Sauti za Busara Unguja apite tu, Ngome Kongwe hakuna kambi na vibanda vya chakula vya Forodhani viko mkabala. Mfano wangu ni tamasha la mwaka mpya Kilifi, chini ya mibuyu: usiku tatu, watu wanne, gari moja, jiko moja.

Jueni kwanza mnapambana na nini. Mchana joto hucheza kwenye nyuzi 31 hadi 33, usiku halishuki sana, hewa ya pwani imejaa unyevu, na kaskazi inavuma tangu Desemba hadi Machi. Joto linachachusha, unyevu unaotesha ukungu, upepo unakula gesi. Kisha kuna saa za watu wa tamasha: wanalala alfajiri, wanaamka saa tano, na njaa yenyewe inawapata saa tisa usiku, wakati hakuna anayepaswa kuwasha jiko karibu na hema.

Kwa hiyo pangeni hivi. Saa tano asubuhi, kitu cha moto mfupi. Saa kumi na moja jioni, mlo mkubwa, kabla giza halijaingia. Saa tisa usiku, kitu cha kuuma kisichohitaji moto wala sahani.

Ninachosimamia ni kimoja: kazi ya jiko imalizwe nyumbani. Kambini ni kuchemsha, kupasha na kuchanganya tu. Kinachotaka zaidi ya dakika 20 za moto kibaki mjini. Makande, maharage makavu, supu ya makongoro, vyote vizuri, lakini siyo huko.

Vipimo vya watu wanne kwa muda wote: mchele kilo 1 (nusu kilo kwa mlo, milo miwili), adesi nyekundu nusu kilo, tambi pakiti moja ya gramu 400, chapati 16, mayai 12, dagaa wakavu robo kilo kabla ya kukaangwa, unga wa uji nusu kilo, sukari kilo 1, samli gramu 250, tui la unga gramu 200, tende kilo 1, njugu za kukaanga nusu kilo, vitunguu 8, nyanya ngumu 6, malimau 10, majani ya chai, chumvi, bizari ya manjano, pilipili. Nyama ni ya siku ya kwanza tu. Maembe na ndizi nunueni Kilifi mjini mkipita, Desemba maembe yako tele.

Wenye nyongeza karibuni.

Mtwapa_Jikoni

Orodha nzuri, ila kaka tui la unga linafaa kuelezwa, maana watu wa pwani wataliona ni aibu. Tui bichi lililokamuliwa asubuhi, kwa joto hilo, jioni limeshachacha. Kuna njia mbili tu za haki: nazi nzima na mbuzi ya kukunia (nazi haiharibiki, lakini mbuzi inachukua nafasi na makumbi yanachafua kambi), au la unga. La unga linakorogwa kwa maji ya uvuguvugu, vijiko vinne vya chakula kwa kikombe kimoja. Ukilimimina kavu kwenye sufuria inayochemka linafanya madonge na hayayeyuki tena.

Na la boksi je? Sawa, mradi boksi ni la mililita 200, siyo la lita. Likishafunguliwa ni la mlo huo huo.

Dumu20

Swali la mjinga: gesi inaruhusiwa?

Kikaango

Siyo la mjinga. Kila tamasha lina masharti yake na hubadilika mwaka hadi mwaka. Soma ya tiketi yako kabla hujafunga mizigo. Kuna kambi zinazokataa moto wa kuni lakini zinakubali jiko dogo la gesi, kuna zinazokataa kila kitu chenye mwali nje ya eneo la jikoni. Ukikuta ni marufuku, ruka hadi kwenye chakula kisicho na moto, nadhani kuna mtu atakiandika humu.

JikoLaKopo

Niingie kwenye gesi, maana hapa ndipo watu wanapobahatisha.

Jiko la kopo lile la kulala (kopo la gramu 220 hadi 230 pembeni) likifunguliwa hadi mwisho linakula kama gramu 160 kwa saa. Kopo moja basi ni saa moja na dakika ishirini hivi za mwali mkubwa. Kuchemsha lita moja ya maji, sufuria ikiwa na kifuniko na hakuna upepo, ni dakika tano na gramu 15 hivi. Bila kifuniko na kaskazi ikipuliza, hesabu mara mbili au zaidi, na pengine yasichemke kabisa, yakabaki kutoa mvuke tu.

Kwa ratiba ya Kikaango: chai na uji asubuhi gramu 40, wali na adesi jioni gramu 60, kuosha sufuria na kukosea gramu 20. Siku tatu ni makopo mawili. Beba matatu.

Makosa yanayolipua makopo ni matatu, na yote nayaona kila kambi:

Kwanza, sufuria pana kuliko jiko. Ikifunika sehemu ya kopo, joto linarudi chini na kopo linapikwa. Ukigusa kopo likawa la moto, zima. Sufuria isizidi sentimita 24 kwa jiko la kawaida.

Pili, kuzungushia jiko lote bati au foili kukinga upepo. Kinga iwe upande unakotoka upepo tu, upande wa kopo ubaki wazi. Kaskazi inatoka kaskazini mashariki, kwa hiyo egesha gari upande huo, weka jiko mita mbili nyuma yake, imetosha.

Tatu, kuacha makopo ya akiba ndani ya gari lililofungwa juani. Yaweke kivulini, chini ya meza, mbali na jiko.

Mwenye mtungi wa kilo 3 au 6 wenye jiko juu, hewala, hauna tatizo la upepo sana. Paka povu la sabuni kwenye maungio kabla ya kuwasha. Likitoa mapovu, usiwashe. Siyo kiberiti cha kutafutia uvujaji, jamani.

Mwanamakaa

Makaa yasidharauliwe. Kwa mishkaki hakuna gesi itakayofika. Lakini andikeni kwa herufi kubwa: JIKO LA MAKAA HALIINGII NDANI YA HEMA. Wala mlangoni. Wala likiwa "limeshazimika". Makaa yanayofifia ndiyo yanayotoa sumu nyingi, haina harufu, mtu analala na haamki. Mvua ikinyesha, kula tende.

Jivu: juu jeupe, chini moto. Mwagia maji, koroga, mwagia tena, kisha gusa kwa mgongo wa mkono kabla ya kutupa. Majani ya Desemba yale yakishika ni kambi nzima.

Mla_Dagaa

Dagaa wa kambini, kwa wanaouliza kwa nini wao wanalainika siku ya pili:

Dagaa wa Kigoma au wa Mwanza (hawa wa Mwanza Wakenya wanasema omena, Waganda mukene), robo kilo. Chambua, toa vichwa ukiona ni wakubwa. Osha kwa maji ya uvuguvugu mara tatu au nne hadi usione mchanga chini ya beseni. Hapa ndipo haraka inapoingia: lazima wakauke. Anika juani saa mbili au tatu kwenye ungo, wakiguswa wasikie kama karatasi. Kaanga kwenye mafuta mengi yaliyopata moto, kidogo kidogo, dakika tatu hadi nne, hadi sauti ya kuchemka ipungue. Sauti ikipungua maana yake maji yamekwisha. Epua, chuja, tandaza juu ya karatasi hadi wapoe KABISA, ndipo utie chumvi na pilipili ya unga.

Usitie limau nyumbani. Limau ni maji, na maji ndiyo yanayolainisha. Limau linakamuliwa kwenye sahani. Mkebe wa bati wenye mfuniko wa kubana, na punje chache za mchele mkavu chini zimefungwa kwenye kitambaa. Wiki nzima wanasagika.

Saa tisa usiku: konzi ya dagaa, konzi ya njugu, tende tatu. Hakuna kibanda cha chipsi kitakachokushinda, na foleni huna.

Bibi_Iliki

Tambi, kwa sababu Kikaango amezitaja akapita. Ndicho chakula bora cha asubuhi kambini na hakuna anayekibeba.

Nyumbani: tambi gramu 400 zivunje vipande vya kidole, zikaange kwa samli vijiko vitatu vya chakula kwenye moto mdogo, ukigeuza bila kuacha, hadi ziwe rangi ya njugu. Zikiwa nyekundu nyekundu upande mmoja na nyeupe upande mwingine zitaiva nusu nusu. Zipoze, tia iliki iliyotwangwa nusu kijiko cha chai, zabibu konzi moja, sukari gramu 120, funga kwenye mkebe. Kambini: chemsha maji mililita 700, mimina mkebe wote, funika, moto mdogo dakika saba.

Mtwapa_Jikoni

Shikamoo Bibi, yote sawa isipokuwa sukari. Ikitangulia, tambi haziivi, zinabaki na kiini kigumu kwa sababu sukari inashindana nazo kwenye maji. Watu wanaongeza maji, na mwisho wanapata uji. Sukari ikae kwenye kifuko chake, itiwe dakika mbili za mwisho pamoja na tui, moto ukiwa umeshazimwa. Na maji ni mililita 600 tu ikiwa kuna kikombe cha tui kinachokuja nyuma.

Bibi_Iliki

Marahaba. Umesema kweli, nimechanganya na zile za kukaukia zinazopikwa majumbani kwa samli nyingi. Kwa mkebe, sukari pembeni.

Kikaango

Nimerekebisha kwenye daftari langu. Nani anazungumzia nyama?

Mwanamakaa

Nyama ya siku ya kwanza: kilo 1 na nusu ya nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa kwa watu wanne, vipande vya sentimita 3. Tangawizi na kitunguu saumu vijiko viwili vya chakula, papai bichi la kusaga kijiko kimoja, limau, chumvi, pilipili manga, mafuta. Gandisha usiku kucha, beba kwenye boksi la barafu, itayeyuka njiani na jioni unachoma.

Mtwapa_Jikoni

Papai toa. Papai bichi kwa mishkaki ya saa mbili ni dawa, lakini ukitia leo ukachoma kesho jioni, friza inausimamisha ule ukali lakini ikiyeyuka unaendelea. Kufikia Kilifi nje ni uji, ndani ni ngumu, na haikai kwenye kijiti. Tangawizi peke yake inatosha kwa usiku mmoja, na hata limau punguza, liwe nusu tu. Jingine la kuchoma likamulie juu ya moto.

Vijiti viloweke dakika 30 kabla, na acha sentimita mbili wazi kila upande. Nyama ikishayeyuka ichomwe siku hiyo hiyo. Hakuna "tutamalizia kesho". Ikibaki mbichi, choma yote, gawa kwa jirani.

Garissa_Kwetu

Ndugu zangu, mnahangaika na barafu wakati nyirinyiri ipo. Nyama ya siku ya tatu bila friji, wafugaji wameshalimaliza hilo zamani.

Kilo 2 za nyama isiyo na mafuta, kata mikanda myembamba, upana wa kidole, paka chumvi, anika juani siku moja hadi mbili chini ya chandarua, ikauke nje iwe kama ngozi. Pwani yenye unyevu haikauki vizuri, tumia oveni ndogo yenye mlango nusu wazi. Kisha kata vipande vidogo mno, kama punje za mahindi. Kaanga kwenye mafuta au samli, moto wa wastani, dakika 30 hadi 40, hadi viwe vyeusi vyeusi na ukiuma vinavunjika badala ya kuvutika. Tia iliki na kitunguu saumu kikavu. Weka kwenye chombo kikavu kabisa, mimina samli ya moto hadi ifunike.

Kosa kubwa ni papara: nyama yenye maji ndani ikifunikwa samli ni hatari kuliko nyama iliyoachwa wazi, kwa sababu kuna vijidudu vinavyotengeneza sumu mahali pasipo hewa. Ikiwa kipande cha katikati bado ni chekundu, rudisha motoni. Kijiko cha kuchotea kiwe kikavu kila mara. Kilo 2 za nyama mbichi zitakupa kama robo tatu ya kilo, na vijiko viwili juu ya wali vinamshibisha mtu.

Dumu20

Hiyo nimeihifadhi. Sasa wali: tukipika mwingi jioni si tutakula asubuhi kama kiporo?

JikoLaKopo

Hapana, na sababu si mwiko wa bibi. Mchele una mbegu za bakteria ambazo haziuawi na kuchemka. Wali ukikaa kwenye vuguvugu usiku kucha zinaamka, zinazaana na kutoa sumu, na ile sumu haiondoki hata ukiukaanga asubuhi hadi ukauke. Nyumbani kiporo kinalala kwenye friji au mahali pa baridi. Kwenye hema la nyuzi 27 hakilali, kinafanya kazi. Sheria ya jumla: chakula kilichopikwa kisikae nje ya moto au baridi zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, saa moja.

Pika kiasi. Nusu kilo ya mchele kwa wanne haibaki.

Na njia ya kuokoa gesi: mchele nusu kilo uliooshwa, maji mililita 800 (pungufu ya kawaida, kwa kuwa mvuke hautoki), chumvi, kijiko cha mafuta. Ukichemka, funika, dakika saba za moto mdogo. Zima. Ifunge sufuria kwa taulo, kisha blanketi, kisha iweke kwenye kikapu kilichojaa nguo. Dakika 40 bila kufungua. Wakati huo jiko liko huru kwa adesi. Makosa: sufuria ndogo yenye mchele pungufu ya huo haihifadhi joto la kutosha, na mwenye kufungua fungua kuchungulia anakula mchele.

Mtwapa_Jikoni

Adesi zenyewe: robo kilo, osha, maji lita moja, bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, kitunguu kimoja. Dakika 15 hadi 18. Povu la mwanzo toa kwa kijiko, la sivyo linafurika na kuziba matundu ya jiko. Nyanya, chumvi na limau baada ya kuiva, kwa kuwa uchachu unachelewesha kulainika. Tui mwisho. Hazihitaji kulowekwa. Anayependa pojo au ndengu (choroko kwa Watanzania) azilowanishe kuanzia asubuhi kwenye chupa yenye mdomo mpana, jioni ni dakika 20 hadi 25.

Vitunguu kaangeni nyumbani vile vikavu vya pilau, mkebe mmoja. Kijiko cha vitunguu hivyo ndani ya adesi ndiyo tofauti ya chakula na dawa.

Njeru_Boda

Salamu kutoka ng'ambo ya Mto Nile. Huku Uganda tuna tamasha la Nyege Nyege tangu 2015, na adui wetu si kaskazi, ni mvua na tope. Kwa hiyo jikoni kwetu ni chapati na mayai, rolex, kwa sababu haihitaji sahani wala kukaa chini.

Mtu mmoja: mayai mawili, kabeji iliyokatwa nyembamba konzi moja, kitunguu robo, chumvi. Piga kwenye kikombe, siyo bakuli, kikombe hakimwagiki. Kikaango kipate moto kweli, mafuta kijiko kimoja, mimina mayai, tandaza yalingane na upana wa chapati. Sekunde 30 hadi 40, chini yameshika juu bado yanateleza, hapo laza chapati juu yake na kandamiza. Ngoja yashikamane, geuza, chapati ipate moto sekunde 20. Nyanya mbichi sasa, juu ya yai, siyo ndani ya kikombe, maana nyanya ndani inatoa maji na yai halishiki chapati. Kunja, zungushia karatasi.

Chapati zikichemka ndani ya hotipoti zinaota ukungu siku ya tatu. Zipoze moja moja kwenye waya, ndipo uzipange, na karatasi kati ya kila nne. Kwa joto la Kilifi ningezila siku mbili, ya tatu nisibahatishe.

Mayai: ya huku hayaoshwi, kwa hiyo yanakaa wiki moja bila friji kivulini. Usiyaoshe kabla ya kusafiri, unaondoa utando wake. Kata trei vipande vya mayai sita, funika kipande kwa kipande, funga kwa uzi, weka juu ya mizigo. Lililoelea kwenye maji halipikwi.

Mgeni_wa_Hema

Na asiyeruhusiwa moto kabisa? Tuko wawili.

Bibi_Iliki

Mjukuu, hutalala njaa. Siku ya kwanza: mahamri 12 na mbaazi za nazi zilizopikwa asubuhi hiyo, uzile kabla ya saa nne kupita tangu zitoke jikoni zikiwa ndani ya hotipoti ya moto, zikipoa basi. Siku ya pili: samaki wa kopo (jodari au dagaa wa nyanya), mkate, kachumbari ya kitunguu, nyanya na limau. Siku ya tatu: maharage ya kopo yaliyochujwa, kitunguu, limau, mafuta, pilipili, na chapati ngumu. Katikati ni ndizi, embe, njugu, tende, visheti, kashata. Visheti vinakaa wiki mbili bila kulalamika.

Asubuhi: shayiri ya pakiti (oti) loweka asubuhi hiyo hiyo kwa maji safi na tui la unga, gramu 50 kwa mtu, asali, ndizi. Usitie maziwa.

Kopo likifunguliwa liliwe lote. Na beba kifungulio cha makopo, watu wanasahau hicho halafu wanatumia kisu na kukatwa mkono saa mbili usiku.

Kikaango

Barafu, kwa kifupi. Chupa za maji za lita 1 na nusu, zijazwe hadi bega tu (maji yakiganda yanatanuka karibu sehemu moja ya kumi), zigande kwa saa 24 au zaidi. Nusu ya ujazo wa boksi iwe barafu. Boksi lenyewe lilale na barafu usiku mmoja kabla ya kupakia, la moto linaanza kuyeyusha barafu yako kabla hamjavuka Mtwapa. Nyama iliyogandishwa chini, mboga juu. Vinywaji viwe na boksi lao, kwa sababu ndilo linalofunguliwa mara hamsini kwa siku. Lifunike kwa khanga mbichi kivulini, na kumbuka kivuli cha mbuyu kinahama. Kadiri chupa zinavyoyeyuka ndivyo unavyopata maji ya kunywa, ndiyo faida yake juu ya barafu ya vipande.

Dumu20

Jina langu linaniwajibisha niseme maji. Kwa joto hilo, kunywa na kupika ni lita 5 kwa mtu kwa siku, kuosha vyombo na mikono lita 2 zaidi. Wanne kwa siku tatu ni lita 84, yaani madumu manne ya lita 20 (mitungi kwa Wakenya) na lita nne juu. Kama kuna bomba kambini, beba mawili na ujaze. Maji usiyoyaamini: chemsha, au dawa ya klorini kwa kipimo cha pakiti na subiri dakika 30. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa, vinginevyo dawa inaishia kwenye tope.

Aliyecheza hadi akakauka, au tumbo limemwaga: lita moja ya maji safi, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Chumvi ikizidi ni hatari, onja, isizidi ukali wa machozi. Anywe kidogo kidogo.

Mikono: tengenezeni kibuyu chirizi. Dumu la lita 5, tundu moja la msumari wa moto sentimita 10 chini ya mdomo. Lining'inize kwa mkono wake kwenye fimbo iliyolazwa juu ya panda mbili, kimo cha mita moja. Kamba kutoka shingoni hadi kijiti cha kukanyaga chini. Ukikanyaga linainama, maji yanachirizika, ukiachia linarudi. Sabuni ikae kwenye soksi iliyofungwa pembeni. Nusu lita inanawisha watu wengi, na hakuna anayeshika dumu kwa mikono ya dagaa.

KombaMwizi

Mmesahau wenyeji. Usiku kuna komba, wanapenda ndizi na kila kitu kitamu, na wanafungua zipu ya hema iliyoachwa nusu. Mchana kuna tumbili. Matunda yakae kwenye chombo cha mfuniko wa kufunga kwa klipu, siyo kwenye kikapu. Ndani ya hema usiweke hata pipi. Sisimizi: miguu minne ya meza ndani ya vikopo vya maji, na hakikisha hakuna kamba wala jani linalogusa meza, watalitumia kama daraja.

Na usipange jiko chini kabisa ya mbuyu wenye mabuyu. Buyu likidondoka kwenye sufuria ya adesi, adesi ndiyo zitakazokuwa na bahati.

Mwanamakaa

Wanaotoka Tanga kupitia mpaka wa Horohoro: mifuko ya plastiki ya kubebea ni marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kama ilivyo Tanzania tangu Juni 2019. Vikapu vya ukindu, mikebe, vitambaa. Nyama msibebe kutoka kwenu, nunueni Kilifi.

Mgeni_wa_Hema

Swali la mwisho. Nimepata ruhusa ya jiko dogo, moto mmoja tu. Ugali unawezekana?

JikoLaKopo

Unawezekana, haupendekezwi. Maji lita 1, unga gramu 550, dakika 12 za kusonga, na jiko la kopo linapinduka ukisonga kwa nguvu kwa sababu miguu yake ni myembamba. Kisha ukoko utakula lita tatu za maji yako kuondoka. Ukishikilia, sufuria ishikwe na mtu wa pili, na ukoko uloweke mara tu unapopakua, uje kuusugua na dodoki baadaye, usiuache ukauke.

Mgeni_wa_Hema

Basi chapati. Zikikauka je, na kikaango kiko kwenye mayai?

Mtwapa_Jikoni

Adesi zikiwa motoni, geuza kifuniko cha sufuria juu chini kikae kama sahani. Nyunyizia chapati maji kwa vidole, zifunge nne nne kwenye kitambaa safi, ziweke juu ya kifuniko dakika kumi za mwisho. Zigeuze mara moja katikati. Kama kifuniko kina tundu la mvuke, tazama kitambaa kisilizibe.